Masika ya Zamu Mbili

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, mapema kuliko tulivyotarajia. Maji ya bwawa bado yako chini ya mstari wa njano. Hakuna lango lililofunguliwa.

Zamu ya tatu imefutwa. Meneja alituita kantini akatusomea tangazo akiwa amesimama: bajeti, hali halisi, moyo wa kujituma. Tulikuwa zamu tatu za saa nane. Sasa ni mbili za saa kumi na mbili, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mimi ni mkuu wa zamu ya mchana. Kwenye chumba cha malango tutakuwa wawili tu, mimi na Kaimu.

Kaimu ana jina lake, lakini hakuna anayelitumia. Aliambiwa akaimu nafasi ya fundi mwandamizi mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza, na mtoto huyo sasa anasoma darasa la tano. Barua ya kumthibitisha haijafika mpaka leo. Meneja alipouliza kama kuna swali, yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

"Hizo saa nne za juu, bosi, nazo tunazikaimu?"

Watu wakacheka. Meneja naye alicheka kidogo, kisha akakunja karatasi yake akatoka.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Lango la kwanza limefunguliwa mara moja.

Nieleze utaratibu, kwa kuwa kazi yetu yote imesimama juu yake. Chumba kiko juu ya ukuta wa bwawa. Kimeezekwa bati na kina dirisha moja linalotazama mto upande wa chini. Meza ni mbili na zimepeana mgongo. Anayekaa meza ya malango hana kitufe cha king'ora. Anayekaa meza ya king'ora hana swichi za malango. Imepangwa hivyo makusudi, ili mtu mmoja asiweze kumwaga maji peke yake. Kabla ya kufungua, wa malango anauliza kwa sauti: "King'ora?" Mwenzake anabonyeza, anakisikia, kisha anajibu: "Kimelia." Tunasubiri walioko mtoni wapande. Ndipo lango linanyanyuliwa.

Mtoni wapo wachimba mchanga, mvua inyeshe isinyeshe. Masika ndiyo msimu wao, kwa sababu mto unaleta mchanga mpya, nao huingia kuuchota maji yakipungua. Hawana saa wala redio. Wana king'ora chetu.

Kiko juu ya mnara, nje. Dirisha likiwa wazi kinatoboa masikio. Likifungwa, na mvua ikiwa juu ya bati, unakisikia kama mtu anayelia nyumba ya tatu.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Malango mawili. Dirisha limefungwa kutwa.

Alhamisi, 12 Machi

Tumeletewa Mshauri. Ni mama wa makamo, anavaa miwani iliyofungwa kamba. Somo lake lilikuwa namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo kazini. Alitufundisha kuvuta pumzi kupitia puani, kuishikilia, kuitoa taratibu. Alitutaka tuseme kinachotuchosha.

"Kuja kazini," akasema fundi umeme.

"Na nini kinachokupumzisha?"

"Kutoka kazini."

Mshauri alisubiri kicheko kiishe. Kisha akauliza kama kuna mtu ambaye kazi inamfuata nyumbani. Kaimu alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona, lakini nilidhani anaangalia kama vimekauka.

Jumanne, 17 Machi

Mvua tangu juzi haijakatika. Tunafungua asubuhi, tunafunga mchana, tunafungua jioni. Meneja anapiga simu kila maji yanapopanda kidogo, na akipiga hanipi nafasi ya kumaliza sentensi. Inasemekana juu yake naye kuna watu wanaompigia.

Kaimu hatanii tena. Leo nimemkuta amesimama mbele ya birika la chai, kikombe mkononi, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ijumaa, 20 Machi

Maji yalivuka mstari wa njano mchana. Mwisho wa zamu tulifungua lango la pili na la tatu kwa pamoja. Meneja alikuwa kwenye simu muda wote. King'ora kililia, tukasubiri, tukafungua, tukakabidhi. Miguu imevimba. Nalala.

Jumamosi, 21 Machi

King'ora hakikulia.

Nilipofika asubuhi nilimkuta mwanamke amesimama kwenye geti la chini, gauni limeganda tope mpaka kiunoni. Mlinzi alikuwa anamsihi akae, naye hakai. Ndiye Nyapara, kiongozi wa wachimba mchanga. Nilikuwa namfahamu kwa mbali tu, kupitia dirishani, kwa kofia yake ya majani.

"Jana jioni nani alifungua?"

"Mimi."

"Wewe ndiye wanayekuita Shangazi?"

"Ndimi."

"Shangazi gani wewe, unawaletea maji watoto wa ndugu zako bila hata hodi?"

Kaka yake alikuwa ameinama anajaza ndoo maji yalipokuja. Wengine walishika kamba ya kupandishia mchanga wakavutwa juu. Yeye alibebwa, akagongwa kwenye mwamba, paja likavunjika sehemu mbili. Yuko hospitali. Nyapara alinieleza hayo bila kupandisha sauti. Alipomaliza aliuliza tena, polepole, kama anayemwuliza mtoto: "Kwa nini hamkupiga?"

Nilimwambia tulipiga. Akamtazama mlinzi, na mlinzi akainamisha kichwa. Hata yeye, ambaye kibanda chake kiko chini ya mnara, hakusikia kitu. Mpishi wa kantini hakusikia. Fundi umeme alipanda mnarani, akakagua nyaya zote, akakijaribu king'ora. Kililia vizuri, hakina hitilafu. Maana yake ni moja tu: hakuna aliyekibonyeza.

Meneja alimwita Kaimu mbele yangu.

"Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Usinidanganye."

"Bosi, nilibonyeza na nikakisikia. Nilikisikia kama ninavyokusikia wewe."

"Kijiji kizima hakikusikia, umesikia wewe tu?"

Mikono ya Kaimu ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Nilimwona mtu anayeongopa vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Kikao cha nidhamu kitakaa tarehe 9 Aprili. Akionekana alisema uongo atafukuzwa, na jalada litapelekwa polisi, kwa kuwa mtu ameumia. Mpaka hapo ataendelea na kazi, maana hakuna wa kushika nafasi yake.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Maneno yangu kwa Kaimu leo: "King'ora?" Maneno yake kwangu: "Kimelia." Kabla hajanijibu nafungua dirisha mwenyewe. Mvua inaingia, meza yangu inalowa. Anajua kwa nini nafungua.

Ijumaa, 27 Machi

Nimekwenda hospitali kumwona mgonjwa. Mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Ni mtu mcheshi. Aliniuliza kama nimekuja kumfungulia maji mengine. Nyapara alikuwa kando ya kitanda, hakucheka. Alisema kaka yake ndiye anayewalisha watoto wa nyumba mbili, basi. Kisha akanipa kiti.

Jumatatu, 30 Machi

Leo tulikuwa tunakula mkate, kila mtu mezani kwake, tumepeana migongo kama kawaida. Mvua ilikuwa imepungua. Hakuna lango lililokuwa linasubiri. Ghafla Kaimu akasema:

"Kimelia."

Nikageuka. Ameshika mkate, shingo imenyooka.

"Nimekuuliza?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akauweka mkate chini.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza. Na hakuna kilicholia."

Akafuta mkono kwenye suruali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kinalia kila mahali, Shangazi. Nikioga kinalia. Mke wangu akifungua bomba kinalia. Nikipanda kitandani nakisikia kule mbali, nasubiri waniulize ili nijibu."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ile siku. Tangu wiki ya pili ya hizi zamu ndefu."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Cheo nakaimu. Wazimu nao niukaimu?"

Sikucheka. Sikumwamini pia. Nilijisemea kwamba mtu anayesubiri kikao lazima apate ugonjwa unaomfaa. Nimeripoti mambo mengi katika maisha yangu ya kazi, na najua jinsi watu wanavyojitafutia mlango wa kutokea.

Lakini ule mkate hakuumaliza.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua kubwa. Malango matatu. Meneja amekuja chumbani mwenyewe, koti la mvua mabegani, ndevu za siku kadhaa. Alikaa kwenye kiti cha wageni akasinzia akiwa amefumbua mdomo. Alipoamka aliuliza: "Nani amenipigia?" Simu yake ilikuwa mfukoni, imezimwa. Kaimu na mimi tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumapili, 5 Aprili

Nilikuwa na mapumziko. Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa nyumba za wafanyakazi, bwawa linaonekana kupitia dirisha la jikoni. Mume wangu alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, anapinda suruali ya jirani. Mimi nilikuwa napika. Nikazima jiko, nikasogea dirishani.

"Vipi?" akauliza.

"Wamefungua lango. Sijui ni la ngapi."

"Umejuaje?"

"Si king'ora hicho?"

Akasimamisha cherehani. Tukasikiliza, sote wawili. Ilikuwa mvua juu ya bati tu.

"Hakuna kilicholia, mama watoto."

"Kimelia. Wewe ulikuwa na kelele za cherehani."

"Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Cherehani ilikuwa imesimama."

Nilichukua simu nikapiga chumbani. Fundi wa karakana anayetushikia zamu za Jumapili alijibu kwamba malango yote yamefungwa na hajagusa kitu tangu asubuhi. Nikarudisha simu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Juzi pia ulizima jiko hivi hivi," akasema. "Na wiki ile nyingine uliniacha katikati ya mazungumzo ukaenda kutazama nje. Nikasema amechoka, nimwache."

"Wiki ipi?"

"Ile kabla ya mtu kuvunjika mguu."

Sikupika tena. Nilikaa kwenye kochi nikairudia ile jioni ya Ijumaa hatua kwa hatua, kama shahidi anavyotakiwa airudie. Meneja kwenye sikio la kushoto. Mvua. Nikauliza: "King'ora?" Kaimu akajibu: "Kimelia." Sasa, kabla ya jibu lake, mimi mwenyewe nilisikia nini? Nilikisikia. Kirefu, kinapanda, kinashuka. Jibu la Kaimu halikunishangaza, maana lilikuja pale nilipokuwa nalitarajia. Usiku ule niliandika hapa kwamba kililia, na sikuandika kwa sababu Kaimu alisema. Niliandika kwa sababu nilikisikia.

Tulikuwa wawili, meza mbili, makusudi. Na wote wawili tulisikia kitu ambacho hakikuwepo.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Sijamwambia Kaimu. Nataka kusema mbele ya kikao kwanza, tusionekane tumepanga.

Jumatano, 8 Aprili

Meneja amenivuta kando kwenye korido.

"Kesho jibu unachoulizwa, Shangazi. Uliuliza? Uliuliza. Ulijibiwa? Ulijibiwa. Basi, umemaliza. Wewe huna kosa."

"Na Kaimu?"

"Kaimu alisema kimelia na hakikulia. Unataka nifanyeje? Huko juu wanataka mtu mmoja. Si wawili, si watatu. Mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Alhamisi, 9 Aprili

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mikutano. Walikuwepo Meneja, mwanasheria aliyetumwa kutoka makao makuu, na Mshauri aliyeitwa atoe maoni ya kitaalamu. Nyapara alikaa mwisho wa meza kama mlalamikaji, kofia ya majani mapajani. Kaimu alivaa koti ambalo nadhani ni la harusi yake. Mikono ya koti ilikuwa mifupi.

Alisema alichosema siku zote. Alibonyeza, alikisikia. Mwanasheria akamwuliza kama ana ushahidi. Akasema hana.

Ikafika zamu yangu. Niliulizwa kama nilifuata utaratibu. Nikasema ndiyo. Kama nilipewa jibu. Ndiyo. Mwanasheria akaanza kufunga kalamu yake.

"Sijamaliza," nikasema. "Mimi pia nilikisikia."

Meneja akafumba macho.

"Ulisikia nini?" akauliza mwanasheria.

"King'ora. Nilikisikia kwa masikio yangu kabla Kaimu hajajibu. Ndiyo sababu nilifungua. Na Jumapili iliyopita nilikisikia tena nikiwa jikoni kwangu, na hakikuwa kimelia. Mume wangu ni shahidi. Kaimu hakuongopa. Kama mnasema aliongopa, basi semeni tuliongopa wote wawili."

"Unaelewa unachokisema kuhusu nafasi yako?"

"Naelewa. Mkuu wa zamu anayesikia visivyokuwepo hafai kukaa peke yake na malango. Naye aliye nyuma yangu hafai. Ila nyinyi mmetuweka hapo saa kumi na mbili kila siku, na mvua hii."

Aliyedakia alikuwa Nyapara.

"Kwa hiyo huko juu wamekaa watu wawili wanaosikia vitu," akasema, "na sisi huku chini tumekaa hatusikii kitu."

Akaweka kofia yake mezani.

"Basi nipeni simu mimi. Masikio yangu ni mazima, na ni ya kwangu mwenyewe. Kabla hamjafungua, niulizeni. Nikisema kimelia, kimelia. Nikisema sijasikia, msiguse."

Mwanasheria alisema utaratibu haumruhusu mtu wa nje kushiriki katika uendeshaji. Mshauri alivua miwani yake, ikaning'inia kwenye kamba.

"Utaratibu wenu," akasema, "ulihesabu kwamba watu wawili hawawezi kukosea kitu kilekile kwa wakati mmoja. Wakichoka kwa namna moja, wanaweza. Mimi ningempa huyu mama simu leo hii. Na ningerudisha zamu ya tatu kesho."

Uamuzi umetoka jioni. Kaimu: onyo kali la maandishi, hakuna polisi. Mimi: onyo kali, na nimevuliwa ukuu wa zamu. Lakini kwa kuwa hakuna mwingine, nitaendelea kuushika kwa kukaimu mpaka masika yaishe. Simu ya Nyapara imekubaliwa "kwa majaribio". Matibabu ya kaka yake yatalipwa. Zamu ya tatu: itaangaliwa.

Tulipotoka Kaimu alinisubiri kwenye ngazi. Alikuwa amekunja koti lake mkononi.

"Karibu chamani, kaimu mwenzangu," akasema.

Alicheka, kisha akageukia ukuta. Nilimwacha amalize machozi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Mara tano leo. Kila mara nampigia Nyapara. Hana maneno mengi. "Kimelia." Anakata.

Alhamisi, 16 Aprili

Mshauri amekuja chumbani, safari hii bila karatasi. Alikaa kwenye kiti cha wageni kutwa nzima akitutazama. Nilimwuliza kama huu ni ugonjwa.

"Sikio lililoambiwa lisubiri kitu muda mrefu, huanza kukileta lenyewe," akasema. "Mama aliye na mtoto mchanga humsikia akilia hata akiwa amelala. Nanyi mna mto mzima."

"Dawa yake?"

"Kulala. Kuondoka hapa. Kusema mnapokisikia, mkiseme kwa sauti, kisikae ndani."

Kwa hiyo tumeanza. Mmoja akikisikia anasema: "Mimi nakisikia." Mwingine anajibu: "Mimi sikisikii," au "Mimi pia," na tunafungua dirisha. Mara ya kwanza nilijiona mjinga. Jioni tulikuwa tunakisema kama watu wanaoambiana habari za jirani mkorofi.

Jumapili, 19 Aprili

Nimelala kutwa. Mume wangu alikwenda kushonea kwa jirani ili anipishe.

Ijumaa, 24 Aprili

Siku mbaya kuliko zote za msimu. Nitaiandika kama ilivyokwenda.

Maji yalifika mstari mwekundu kabla ya mchana. Mvua ilikuwa inashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Chini, wachimba mchanga walikuwa wameingia mtoni asubuhi wakati mvua ilipotulia kidogo. Meneja akapiga simu: fungua yote manne, mara moja. Hapo alikuwa na haki. Ukuta una kikomo chake.

"King'ora?" nikauliza.

Nilisikia mkono wa Kaimu ukishuka kwenye kitufe. Nikakisikia king'ora. Kirefu, kinapanda, kinashuka. Nikaweka kidole kwenye swichi ya kwanza nikasubiri jibu lake. Halikuja.

"Kaimu?"

"Mimi nakisikia," akasema. "Lakini sijui, Shangazi. Kimelia vizuri mno."

Nikafungua dirisha. Mvua ikanipiga usoni, na kelele ya mvua ilijaza chumba kizima. Ndani ya kelele hiyo ningeweza kuapa kipo. Nikampigia Nyapara.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Kaimu, bonyeza tena."

Akabonyeza, safari hii nikiwa namtazama. Kidole kilizama mpaka mwisho wa kitufe.

"Sasa?"

"Sijasikia! Mnapiga au hampigi?"

Tulikuwa tunapiga. King'ora ndicho kilichokuwa kimekufa. Baadaye tulijua kwamba nguzo ya umeme ya mnara ilikuwa imelala kwenye matope. Wakati ule tulijua jambo moja tu: watu wako mtoni, na sauti pekee iliyopo iko vichwani mwetu.

"Nyapara, king'ora kimekufa. Watoe wewe."

Hakukata simu. Aliitumbukiza mahali, nadhani kifuani, maana nilisikia pumzi yake, miguu kwenye maji, kisha chuma juu ya debe tupu. Alilipiga debe hilo kama anayelidai kitu. Akaita watu kwa majina, mmoja mmoja. Simu ya pili ikaita mezani. Ni Meneja.

"Mbona hamjafungua?"

"Watu wapo mtoni."

"Maji yamepita mstari! Unaona hapo ulipo? Fungua!"

"King'ora kimekufa. Wanatolewa kwa debe."

"Shangazi, ukuta ukienda wataondoka wao na mji mzima!"

"Nasubiri neno moja, bosi. Likifika nafungua."

Nikaweka mkono wa simu chini bila kukata. Alikuwa akipiga kelele, sauti ndogo kama ya mdudu ndani ya kopo. Kaimu alikuwa amesimama, mgongo kwa meza yake, ananitazama mimi badala ya kioo cha kipimo. Mstari mwekundu haukuonekana tena. Nilikuwa nakisikia king'ora wakati wote. Hakikunyamaza hata mara moja. Nilimwambia.

"Mimi pia," akasema. "Wacha kilie. Hatumwulizi huyo."

Debe likanyamaza. Pumzi. Kisha sauti ya Nyapara, imepasuka:

"Wametoka. Wote. Nimewapitisha mkononi mwangu mmoja mmoja. Fungua, Shangazi."

Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Chumba kilitikisika. Kupitia dirishani niliona maji yakipita pale walipokuwa, yakazoa ndoo, makoleo, ngazi ya miti, rundo la mchanga la wiki nzima. Juu ya ukingo walikuwa wamesimama watu kwenye mstari, na mbele yao kofia moja ya majani.

Meneja alifika akikimbia, viatu vimejaa maji. Alitazama kipimo, akatazama dirishani. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Baada ya muda aliuliza:

"Mngefungua nilipowaambia?"

"Tungeweza," nikasema. "Sote tulikisikia."

Akafunika uso kwa viganja.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua ndogo. Barua imefika kutoka makao makuu. Zamu ya tatu inarudi kuanzia mwezi ujao. Inasemekana Meneja alikwenda mwenyewe na akakataa kuondoka ofisini kwao mpaka isainiwe. Hakutuambia. Aliyetuambia ni dereva wake.

Jumapili, 3 Mei

Jua kwa nusu siku.

Ijumaa, 8 Mei

Kaimu ameomba kuhamishiwa stoo, akakubaliwa. Atagawa glavu, boliti na mafuta ya mashine. Nilimwambia malango yatamkosa.

"Huko stoo hakuna kitu kinacholia," akasema. "Mtu akitaka boliti anagonga mlango."

"Na cheo?"

"Mtunza stoo. Bila kaimu." Akafikiri. "Wamesema barua inakuja."

Tulicheka mpaka fundi umeme akaja kutazama kuna nini.

Jumanne, 12 Mei

Nimepewa likizo. Nikirudi nitakaa meza ya malango kama fundi wa kawaida, chini ya mkuu mpya. Mshahara umepungua. Nimeulizwa kama nina kinyongo. Sina. Kaka yake Nyapara ametolewa hospitali, anatembea kwa magongo. Hataweza kushuka mtoni tena, na hilo hakuna barua itakayolirudisha.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua za mwisho. Nilikuwa jikoni, maharagwe yako motoni. Kikalia.

Sikuzima jiko. Nilisimama na mwiko mkononi. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo, cherehani imefunikwa, hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Mimi nakisikia." Hakuna aliyejibu.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Nyapara.

"Shangazi, watu wako wamenipigia sasa hivi, nikawaambia kimelia. Nikasema nikwambie na wewe huko ulipo."

"Umekisikia mwenyewe?"

"Nimekisikia. Tunapanda."

Nilimshukuru. Nyuma yake nilisikia watu wakiitana, ndoo zikigongana, mtu akicheka. Nilingoja mpaka sauti zao zilipofika juu, kisha nikakoroga maharagwe.